Pini, Kamba na Kifuniko: Historia ya Kinga katika Mashine Kuukuu za Boti

Mwaka 1909, mtu aliyelipa dola 62 mjini Milwaukee, Marekani, alikabidhiwa mashine ya boti yenye uzito wa pauni 62, yaani kilo 28 hivi, na nguvu ya farasi moja na nusu. Aliibeba hadi majini, akaifunga tezi kwa vibano vya skrubu, akatia petroli iliyochanganywa na oili, kisha akashika kishikio cha mbao kilichosimama juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa kileleni mwa mashine. Akalizungusha kwa nguvu zake zote. Mashine ikikubali, gurudumu liliendelea kuzunguka kwa kasi likiwa wazi, bila kifuniko, na kile kishikio kikizunguka nalo karibu kabisa na vidole vilivyokiachia punde tu. Mashine ikikataa na kupiga kinyumenyume, kishikio kilirudi kwa ghafla na kugonga vifundo vya mkono. Wakusanyaji wa leo huziita mashine za aina hiyo vunja-vidole, na jina hilo linazistahili.

Hapakuwa na nyutro. Rafadha iliungana na mashine moja kwa moja, kwa hiyo ilipowaka boti iliondoka papo hapo, mwenyewe akiwa bado amesimama, ameinama juu ya tezi, mkono mmoja hewani. Hapakuwa na kitu chochote cha kuizima mashine endapo nahodha angeanguka majini. Mambo hayo hayakutokana na uzembe wa kiwanda. Hatari hizo zilikuwa hazijajulikana, kwa sababu ajali za kuzifundisha zilikuwa bado kutokea.

Leo mashine za umri huo, na wadogo zao wa miaka ya 1920 hadi 1960, hutafutwa kwenye maghala na mabanda, hufunguliwa, husafishwa na kuwashwa tena. Kuirudishia uhai mashine ya babu wa mtu ni kazi ya heshima. Lakini fundi anayeifanya lazima aamue jambo moja kabla hajashika spana: je, airudishe kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na hatari zake, au aiongezee kinga ambazo watu walizipata baadaye kwa kuumia? Historia ya mashine zenyewe ina jibu, na jibu hilo linawahusu pia mafundi na wavuvi wa pwani na maziwa yetu.

Mhamiaji na makasia

Wazo la kufunga mashine tezi badala ya kuijengea ndani ya chombo lilikuwapo kabla ya 1909. Mwaka 1881, Mfaransa Gustave Trouvé alijaribu mashine ya umeme ya namna hiyo katika mto Seine, Paris. Huko Detroit, Cameron Waterman alianza kuuza mashine za petroli miaka michache kabla ya Ole Evinrude. Lakini Evinrude ndiye aliyeifanya mashine hiyo iwe chombo cha watu wa kawaida.

Alizaliwa Norway mwaka 1877, akapelekwa Wisconsin akiwa mtoto wa miaka mitano, akakulia shambani karibu na ziwa. Alijifunza ufundi viwandani, kisha akafungua karakana yake Milwaukee. Simulizi inayopendwa husema kwamba siku moja ya joto kali alipiga makasia kuvuka ziwa ili amnunulie mchumba wake, Bess Cary, aiskrimu, na ilipoyeyuka njiani akaapa kutafuta njia nyingine. Iwe hivyo au sivyo, mashine aliyoitengeneza ilipendwa upesi. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyeshika hesabu, barua na matangazo, na tangazo lake maarufu liliwaambia watu wayatupe makasia.

Ushauri huo ulifaa kwa biashara, lakini baharini ulikuwa wa hatari. Mashine za miaka hiyo ziligoma mara kwa mara: unyevu uliua cheche, plagi zilijaa masizi, pini zilikatika. Aliyetupa makasia kwa kweli alijikuta hana cha kushika. Kinga ya kwanza kabisa ya mashine ya boti, na ya bei nafuu kuliko zote, ilikuwa ileile iliyoambiwa iachwe nyumbani. Mpaka leo anayetoka na mashine kuukuu bila makasia au pondo hajamaliza kuitengeneza.

Mwaka 1914, kwa sababu ya afya ya Bess, Evinrude aliuza sehemu yake ya kampuni na kuahidi kutoshindana nayo kwa muda. Muda ulipokwisha alirudi na mashine nyepesi ya silinda mbili iliyotumia aluminiamu kwa wingi, akaiita Elto. Wakati huohuo ndugu watatu wa Indiana, Lou, Harry na Clarence Johnson, walileta mashine yao ya silinda mbili, yenye uzito wa pauni 35 tu, ambayo ingeweza kuzungushwa duara zima juu ya kibano chake. Kwa kuwa haikuwa na gia ya rivasi, nahodha aliigeuza mashine nzima ielekee omo, na boti ikarudi nyuma.

Ulikuwa ubunifu mzuri, nao ulileta hatari mpya. Mashine iliyogeuzwa ghafla ikiwa kasi ilisukuma tezi pembeni kwa nguvu na kumrusha aliyeishika. Hali ilizidi kuwa mbaya kuanzia 1925, Johnson walipotoa mashine ya nguvu ya farasi sita iliyoweza kuifanya boti nyepesi iteleze juu ya maji badala ya kuyapasua. Mashindano yakaanza, kasi ikapanda kila mwaka, na watu wakaanza kurushwa nje ya boti zilizoendelea na safari bila wao.

Gurudumu linafunikwa

Kinga za mwanzo zilihusu mkono. Kishikio cha juu ya flaiwili kiliachwa, mahali pake pakawekwa kamba yenye fundo: fundo liliingia kwenye pengo la gurudumu, kamba ikaviringishwa, ikavutwa. Hiyo iliuondoa mkono kwenye chuma, lakini haikumaliza tatizo. Fundo lililokataa kutoka kwenye pengo liliigeuza kamba kuwa mjeledi unaozunguka na gurudumu, nao ulimfikia aliyeivuta na hata abiria aliyeketi nyuma yake. Aliyejiviringishia kamba kiganjani ili apate nguvu ya kuvuta, mashine ikapiga kinyumenyume, aliumia kifundo cha mkono au bega.

Ndipo ikaja stata ya kamba inayojirudisha yenyewe kwa springi, ile tunayoijua sote, ambayo huliacha gurudumu mara mashine inapowaka. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Evinrude ilianza pia kuzifunika mashine zake kwa kofia ya chuma. Matangazo yalisifu umbo lake maridadi na utulivu wake, na ni kweli ilipendeza. Lakini chini ya kofia hiyo kulikuwa na faida kubwa zaidi: nywele, mikono ya kanzu, ncha za kamba na vidole vya watoto havikuweza tena kufika kwenye gurudumu.

Si kila kiwanda kilifuata njia hiyo. Uingereza, mashine ya Seagull, iliyoanza kutengenezwa Wolverhampton mwaka 1931 na baadaye kuwa na makao yake Poole, iliuzwa kwa miongo mingi ikiwa na flaiwili ya wazi na kamba ya kuviringisha kwa mkono. Wenyewe waliisifu kwa urahisi wake: vyuma vichache, kila kimoja kinaonekana, hakuna kisichoweza kutengenezwa ufukweni. Sifa hiyo ni ya haki. Badala ya pini ya kukatika, rafadha yake iliendeshwa kupitia springi nene iliyonyonya mshtuko. Lakini gurudumu lake lilibaki wazi, na anayeifufua leo lazima ajue kwamba urahisi wa kutengeneza haumkingi mtumiaji na kuumia.

Pini iliyoundwa ili ivunjike

Katika sehemu zote za mashine ya boti, hakuna inayodharauliwa kama pini ya rafadha. Ni kipande kifupi cha shaba nyeupe au chuma laini, kimepita katika shafti na kitovu cha rafadha, kazi yake kufa ili nyingine zisife. Rafadha ikigonga mwamba au gogo, pini hukatika, rafadha huzunguka bure, na meno ya gia, shafti na kasha la mashine husalimika.

Fundi anayefungua mashine ya zamani mara nyingi hukuta mahali pake msumari. Mtu alikatikiwa na pini mbali na duka, akakata msumari, akafika nyumbani, na msumari ukakaa humo miaka arubaini. Msumari mgumu haukatiki. Siku rafadha inapogonga jiwe, mshtuko wote hupanda juu, gia hupasuka, au kibano hung'oka na mashine nzima huruka kutoka tezi. Na msumari laini mno una ubaya wake: hukatika katikati ya mkondo, pale nguvu inapohitajika zaidi, na boti hupelekwa kwenye miamba.

Kwa hiyo pini sahihi ina vipimo viwili, unene na ulaini, na kiwanda kilivichagua kwa hesabu. Kuirudisha ni kutafuta pini ya aina ileile, kubeba nyingine mbili tatu pamoja na koleo na pini ya kufungia, na kujua kuibadilisha gizani kwa kupapasa. Mashine kubwa za baadaye zilikuwa na kitovu cha mpira ndani ya rafadha kinachoteleza badala ya kukatika. Mpira huo huzeeka na kuteleza mapema, na kuna wanaougongomea bolti ili ushike. Wafanyao hivyo wamerudi kwenye ule msumari.

Vitu vitatu vya kufikiria kwenye mashine inayong'oka ni kibano, ubao wa tezi na mnyororo. Skrubu za kibano hulegea kwa mtikisiko. Mashine za zamani zilikuwa na tundu au jicho la kufungia mnyororo au kamba ya waya kwenye chombo, ili mashine ikiruka isizame, na isimwangukie mtu ikiwa bado inazunguka. Tundu hilo karibu kila mara huwa lipo, mnyororo karibu kila mara haupo. Kuurudisha ni kazi ya dakika chache.

Nyutro, rivasi na tanki

Ole Evinrude alifariki mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya Bess. Mwana wao Ralph na mshirika wake Stephen Briggs waliinunua kampuni ya Johnson iliyokuwa imeangushwa na mdororo wa uchumi, na majina hayo mawili, yaliyoshindana kwa miaka mingi, yakaingia nyumba moja. Vita vikaja, vikaisha, na wanunuzi wapya wakawa familia: baba, mama na watoto ziwani siku ya Jumapili. Mashine inayoondoka papo hapo ilipowashwa haikuwafaa tena.

Mwaka 1949 Johnson walitoa mashine ya nguvu ya farasi 10 iliyokuwa na mambo mawili yaliyobadilisha biashara nzima. La kwanza lilikuwa gia kamili: mbele, nyutro na rivasi. La pili lilikuwa tanki la petroli la galoni sita lililokaa sakafuni mwa boti na kuunganishwa na mashine kwa mpira, badala ya kitanki kidogo kilichobebwa kichwani mwa mashine. Kabla ya hapo, petroli ilipokwisha katikati ya ziwa, mtu alisimama kwenye boti inayoyumba na kumimina petroli juu ya mashine iliyochemka.

Gia ilileta utaratibu mwingine wa usalama ambao wafufuaji wengi hawauoni. Kati ya mkono wa gia na mkono wa petroli waliweka kizuizi cha chuma: mashine ikiwa nyutro au rivasi, petroli haiwezi kufunguliwa hadi mwisho. Baadaye kikaongezwa kizuizi kinachoifunga stata yenyewe, ili kamba isivutike wakati mashine iko kwenye gia au petroli imefunguliwa mno. Vizuizi hivi ni vipande vidogo vya bati, springi na fito. Vikipinda, mashine huwa ngumu kuwasha, na fundi mwenye haraka huving'oa. Mashine huwaka vizuri baada ya hapo, mteja hufurahi, na siku moja mtu anaivuta kamba akiwa amesimama, mashine iko kwenye gia, boti inaruka mbele naye anabaki nyuma, kwenye maji, karibu na rafadha.

Sheria ya Marekani iliyotokana na hatari hiyo ina kipimo rahisi kueleweka. Mashine inayoweza kusukuma kwa nguvu ya pauni 115, yaani uzito wa kilo 52 hivi, lazima iwe na kifaa kinachoizuia kuwashwa ikiwa katika hali ya kutoa msukumo unaozidi hapo. Msingi wa sheria za namna hii uliwekwa na sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971, iliyolipa Jeshi la Ulinzi wa Pwani la nchi hiyo mamlaka ya kuweka viwango kwa watengenezaji. Kwa mashine iliyotengenezwa mwaka 1955 sheria hiyo haidai kitu. Mwili wa binadamu, hata hivyo, ni uleule, na kizuizi ambacho kiwanda kilikiweka kwa hiari kinastahili kurudishwa kabla ya rangi.

Tanki la sakafuni nalo lilikuja na hatari yake. Mashine za mwanzo za mtindo huo hazikuwa na pampu ya petroli. Hewa kutoka ndani ya kasha la mashine ilisukumwa kupitia mpira mmoja hadi ndani ya tanki, na shinikizo lake likaipandisha petroli kupitia mpira wa pili. Tanki lilikuwa, kwa hiyo, chombo chenye shinikizo. Maadamu mipira na gasketi ni mipya, mpango huo hufanya kazi vizuri. Lakini mpira wa miaka sitini hupasuka, na kwa kuwa kuna shinikizo, petroli haidondoki, hunyunyiza. Na anayefungua kifuniko bila kutoa hewa kwanza hurushiwa petroli usoni. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 viwanda vilihamia kwenye pampu ndogo ya ngozi ya mpira inayosukumwa na mapigo ya mashine yenyewe, na mpira mmoja tu wa kunyonya.

Mfufuaji ana njia mbili za haki hapa. Anaweza kuufanya upya mfumo wa zamani kikamilifu, mipira, gasketi na vali zote, na kutoa hewa kila anaposimama. Au anaweza kufunga pampu na tanki la kisasa, akayahifadhi yale ya asili rafuni yakiwa na kibandiko. Isiyo ya haki ni njia ya tatu, ya kuviringisha utepe juu ya mpira uliochanika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukaa kwenye ngama, ukisubiri cheche moja. Katika kabureta za zamani kuna jambo jingine linalofanana na hilo: boya lake lilitengenezwa kwa gome la koki na kupakwa vanishi ya shelaki. Petroli ya leo iliyochanganywa na ethanoli huiyeyusha shelaki, boya hunyonya petroli, huzama, na kabureta hufurika. Boya lipakwe upya kwa kitu kinachohimili ethanoli, au libadilishwe.

Kamba nyekundu

Kinga iliyookoa watu wengi ilitokana na mashindano. Waendesha boti za kasi walijua mapema kwamba mashine iliyoachwa na mtu wake haiendi moja kwa moja. Mzunguko wa rafadha huivuta mashine upande, boti inakata kona kali, na inaendelea kuzunguka duara moja, ikirudi palepale alipoangukia nahodha. Mtu anayeogelea hukutana na rafadha ya boti yake mwenyewe. Ndiyo maana mashindano yalidai mkono wa petroli unaojifunga ukiachiwa, na baadaye kamba inayomfunga mwendeshaji kwenye swichi ya kuzima.

Kamba hiyo, mara nyingi nyekundu na ya kujikunja, ndiyo iliyoingia polepole kwenye boti za watu wote. Lakini kuwa nayo na kuivaa ni mambo mawili. Mwezi Mei 2013, huko Padstow, kusini magharibi mwa Uingereza, watu sita wa familia moja walirushwa kutoka kwenye boti yao ya kasi. Boti ikazunguka na kuwarudia. Watu wawili walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka minane, na baadhi ya waliobaki walijeruhiwa vibaya. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba boti ilikuwa na kamba ya kuzimia. Haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya taifa inamtaka mwendeshaji wa boti iliyo chini ya futi 26 na iliyofungiwa swichi hiyo kuitumia inapokwenda kasi.

Mashine ya mwaka 1940 haina swichi hiyo, lakini inaweza kupewa, na kazi yenyewe inafundisha jinsi mashine inavyofanya kazi. Mashine nyingi za zamani hutumia magineto, hazina betri. Sumaku zilizomo ndani ya flaiwili hupita mbele ya koili na kuzalisha umeme. Pointi zinapofunguka, umeme huo hupanda hadi kuruka kwenye plagi. Kwa hiyo huizimi magineto kwa kuikata waya. Unaizima kwa kuupa umeme wake njia fupi ya kwenda kwenye bodi ya mashine kabla haujafika kwenye plagi. Swichi inayohitajika ni ile inayounga kamba inapochomoka, wala si ile ya gari inayokata. Waya wake huanzia mahali ambapo koili, pointi na kondensa hukutana, hupita chini ya bamba bila kuguswa na gurudumu, na kuishia kwenye swichi.

Mashine ya silinda mbili yenye pointi jozi mbili hudai uangalifu zaidi. Ukizima upande mmoja tu, upande wa pili unaendelea kuchechemea na rafadha inaendelea kuzunguka. Na kamwe umeme wa betri usiguswe na waya huo, kwa sababu huziharibu koili na pointi.

Kuna udhaifu mmoja ambao kila mwenye magineto anapaswa kuufahamu. Katika gari, waya wa kuwashia ukikatika, gari linazima. Katika magineto, waya wa kuzimia ukikatika, mashine inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinga imekufa na haitoi taarifa. Dawa yake ni moja: kamba ivutwe na mashine izime kila siku kabla ya kuondoka ufukweni. Jaribio la mwezi uliopita halithibitishi chochote.

Uaminifu kwa historia

Mwaka 1965 wapenzi wa mashine hizi Marekani walianzisha chama chao, Antique Outboard Motor Club, na tangu hapo maarifa ya mafundi wengi yamekusanywa, yakachapishwa na kurithishwa. Miongoni mwa watu wa fani hii kuna mjadala wa kweli. Mmoja husema mashine iliyotobolewa ili kufungwa swichi ya kisasa imepoteza ushahidi wake. Mwingine husema mashine isiyoweza kutumika kwa usalama haijarudishwa.

Wote wawili wana haki, na njia ya kuwapatanisha inajulikana. Swichi hufungwa kwenye kibamba kinachoshikwa na bolti zilizopo, bila kutoboa tundu jipya. Kila kilichotolewa huhifadhiwa. Kila kilichoongezwa huandikwa. Kilichokuwa cha kiwanda, kama kofia, kizuizi cha gia, mnyororo, pini na springi ya kuzuia mashine isiinuke inaporudi nyuma, hurudishwa kwanza, kwa sababu kukiacha ni kuipotosha historia vilevile. Mashine ya 1949 isiyo na kizuizi chake cha gia si mashine ya 1949. Na flaiwili huchunguzwa kabla ya yote: nyufa, ufunguo wake na mdomo unaokaa kwenye shafti. Anayeing'oa kwa nyundo hudhoofisha sumaku na kupinda shafti. Iko spana ya kuvutia kwa kazi hiyo.

Nazisema habari hizi kwa Kiswahili kwa sababu zinatuhusu. Kampuni ya Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960, na vizazi vyake vya baadaye, hasa Enduro, ndivyo vinavyosukuma boti za wavuvi kutoka Lamu hadi Kilwa na katika Ziwa Victoria. Nyingi zimeshakuwa kuukuu. Mafundi wetu wanazifufua kila wiki, si kwa kupamba rafu bali kwa sababu kuna nyumba zinazosubiri samaki. Ni mafundi hodari. Lakini si ajabu kukuta mashine iliyotoka mikononi mwao ikiwa na stata iliyofungwa kamba ya nailoni, kofia iliyoachwa dukani, na swichi ya kuzimia iliyobanwa kwa kipande cha plastiki ili isisumbue. Mvuvi huyo hutoka usiku, mara nyingi bila jaketi la kuokolea, na akianguka hakuna atakayeizima.

Kamba ya kuzimia na kibanio chake ni kitu cha bei ndogo. Pini za rafadha ni za bei ndogo zaidi. Kwa hiyo fundi asiikabidhi mashine, iwe ya mwaka 1935 au ya 1995, mpaka afanye jambo moja mbele ya mwenyewe: aiwashe ndani ya pipa la maji, mahali penye hewa ya kutosha, aivute kamba ya kuzimia, na wote wawili waisikie ikizima. Mwenyewe naye akatae kulipa mpaka aone hivyo. Tukilifanya jaribio hilo kuwa sehemu ya bei ya kazi, kama vile kubadilisha oili ya gia, tutakuwa tumejifunza kwa wengine yale ambayo wao waliyajifunza kwa miili yao.